Kupita hospitali ya karibu: jinsi Uingereza ilivyopanga mtandao wa huduma kwa majeruhi

Februari 2010, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuhakiki matumizi ya fedha za umma, ilitoa ripoti kuhusu watu wanaoumia vibaya. Ujumbe wake ulikuwa wa kuaibisha: kwa miaka ishirini huduma kwa majeruhi hao haikuwa imeboreka kwa kiasi cha maana. Wakaguzi walikadiria kwamba kila mwaka England hupata majeruhi wasiopungua 20,000 wenye majeraha makubwa, kwamba 5,400 kati yao hufariki, na kwamba mfumo ukipangwa vizuri ungeokoa watu 450 hadi 600 zaidi kwa mwaka. Majeruhi aliyefikishwa hospitalini akiwa hai alikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya mwenzake wa Marekani kwa asilimia 20. Na kwa kuwa hawa ni wakaguzi wa fedha, walipiga hesabu ya fedha pia: matibabu ya awali yaligharimu pauni milioni 300 hadi 400 kwa mwaka, lakini uzalishaji uliopotea kwa vifo na ulemavu ulikuwa pauni bilioni 3.3 hadi 3.7.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2012, England nzima ilikuwa imegawanywa katika mitandao ya kikanda, kila mtandao ukiwa na kituo kikuu cha majeruhi. (Ninazungumzia England peke yake. Scotland na Wales zina mifumo yao ya afya, na zilianzisha mitandao yao baadaye.) Ukisoma kisa hiki haraka utadhani ni habari ya ripoti kali iliyowaamsha viongozi. Mimi naona vingine. Maarifa yalikuwepo tangu 1988. Kwa miaka 22 hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuiambia ambulensi ipite mlango wa hospitali moja iende nyingine, wala wa kuiambia hospitali hiyo ya pili kwamba haina ruhusa ya kukataa.

Wagonjwa wawili kwa wiki

Gawanya majeruhi 20,000 kwa hospitali karibu 200 zilizokuwa zikipokea dharura. Unapata mia moja kwa mwaka, yaani wawili kwa wiki. Tatizo lote limekaa hapo. Wawili hao hawaji kwa ratiba. Wengi huletwa usiku au mwisho wa wiki, wakati daktari bingwa yuko nyumbani akisubiri kupigiwa simu. Anayempokea majeruhi ni daktari kijana aliye mafunzoni, ambaye huenda hajawahi kuona kifua kilichopondwa na usukani. Anamwita daktari wa usingizi, naye yuko na mama anayejifungua kwa upasuaji. Anamwamsha mtaalamu wa picha. Picha ikitoka inaonyesha damu imejikusanya ndani ya fuvu, na hospitali haina daktari wa upasuaji wa ubongo, basi simu zinaanza kupigwa kutafuta kitanda mahali pengine. Huko wanauliza maswali, wanasema pamejaa, wanataka kwanza picha nyingine. Mtu aliyefika akizungumza hazungumzi tena.

Hakuna mzembe katika maelezo hayo. Kila mmoja anafanya kazi yake. Daktari akikutana na jambo mara chache, na timu nzima ikakutana nalo mara chache, ustadi haujengeki hata kama wote ni hodari.

Mwaka 1988 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji kilitumia uchunguzi wa vifo 1,000 vya majeruhi wa England na Wales. Madaktari wanne walipitia mafaili ya waliofika hospitalini wakiwa hai kisha wakafa, kila mmoja peke yake, na kwa takriban theluthi moja ya vifo hivyo wengi wao walikubaliana kwamba kifo kingeweza kuepukika. Vingi vilitokana na damu iliyovujia ndani bila kugunduliwa, au njia ya hewa iliyoziba, au upasuaji uliochelewa. Chuo kilipendekeza vituo maalumu vya majeruhi. Mwaka 2007 uchunguzi mwingine wa kitaifa ulionyesha kwamba karibu asilimia 60 ya majeruhi waliochunguzwa walipata huduma iliyo chini ya kiwango kizuri. Sababu zilizotajwa zilikuwa karibu zilezile: mabingwa hawakuwepo, maamuzi yalichelewa, majeruhi alipelekwa mahali pasipo na huduma aliyoihitaji.

Jaribio la Stoke

Kati ya ripoti hizo mbili kuna jambo ambalo wapangaji wengi huliruka, na kwangu ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Serikali haikukaa kimya baada ya 1988. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligharimia kituo cha majeruhi cha majaribio mjini Stoke-on-Trent, katika hospitali ya North Staffordshire. Mabingwa waliongezwa, timu ikawekwa tayari usiku na mchana. Watafiti wa Sheffield walilinganisha vifo vya eneo hilo na vya Lancashire na Humberside, ambako hapakuwa na kituo cha namna hiyo, kabla na baada ya jaribio. Matokeo yalichapishwa 1997: hapakuonekana ushahidi wa kutegemewa kwamba vifo vilipungua kwa sababu ya kituo hicho.

Huo ukawa mwisho wa habari kwa zaidi ya miaka kumi. Kila aliyependekeza vituo vya majeruhi alijibiwa kwa neno moja, Stoke. Jiografia ya Uingereza ni tofauti na ya Marekani, walisema. Risasi ni chache, barabara ni fupi, hospitali ziko jirani.

Lakini ukiusoma utafiti wenyewe unakuta kwamba kituo kilijengwa, mtandao haukujengwa. Ambulensi ziliendelea kumpeleka majeruhi kwenye hospitali iliyo karibu, kama zilivyozoea. Sehemu ya majeruhi wa eneo zima waliofikishwa Stoke iliongezeka kidogo tu. Hospitali za jirani hazikulazimika kumtoa mgonjwa wao, wala Stoke haikuwa na chombo cha kuwavuta. Kilichopimwa kilikuwa athari ya kuboresha hospitali moja katika mfumo ambao haukubadilika, kisha jibu likatumika kuhukumu kitu ambacho hakikujaribiwa. Utafiti ulikuwa wa haki na waandishi wake walikuwa waangalifu. Waliousoma ndio walioukuza kupita kiasi.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuwepo kwa wingi. Mwaka 1979 madaktari wa California walilinganisha San Francisco, ambako majeruhi wote walipelekwa hospitali moja, na Orange County, ambako kila mmoja alipelekwa iliyo karibu. Katika vifo visivyotokana na majeraha ya ubongo, takriban theluthi mbili ya vile vya Orange County vilionekana vingeweza kuepukika. San Francisco kilikuwa kimoja tu. Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba kutibiwa katika kituo cha majeruhi kulipunguza hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja kwa asilimia 25.

London inatangulia

Mabadiliko hayakuanzia taifani. Mwaka 2007 Ara Darzi, daktari wa upasuaji, aliongoza mapitio ya huduma za afya za London, na majeraha makubwa pamoja na kiharusi vilitajwa kuwa magonjwa ambayo ukaribu wa hospitali una thamani ndogo kuliko uwezo wake. London ilikuwa na bahati. Hospitali ya Royal London, Whitechapel, ilikuwa na helikopta yenye daktari ndani yake tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na timu yake ya majeruhi ilikuwa tayari imeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana ndani ya NHS, Huduma ya Taifa ya Afya.

Mashauriano ya umma yalifanyika 2009. Swali gumu lilikuwa idadi: vituo vitatu au vinne? Ukiweka vichache, kila kimoja kinapata majeruhi wa kutosha kuijenga timu yake. Ukiongeza, safari inakuwa fupi na siku ya maafa makubwa una milango zaidi. Ulikuwepo pia mvutano ambao hauandikwi wazi kwenye nyaraka. Hospitali inayokosa hadhi ya kituo kikuu inahofia kukosa madaktari wa mafunzo, kisha mabingwa, kisha idara nyingine. Wakazi wake nao wanasikia jambo moja tu, kwamba dharura inafungwa. Hofu hiyo si ya kubezwa, kwa sababu hospitali nyingi zimewahi kupunguzwa kidogo kidogo kwa mtindo huo.

Vikachaguliwa vinne: Royal London, King's College, St George's na St Mary's. Mfumo ulianza Aprili 2010, na St Mary's ikakamilisha idadi baadaye kidogo. Wakati huohuo Keith Willett, bingwa wa mifupa kutoka Oxford, alikuwa amepewa 2009 cheo kipya cha mkurugenzi wa kitaifa wa huduma za majeruhi. Ripoti ya wakaguzi ilipotoka Februari 2010, kwa hiyo, ilikuta tayari kuna mtu mezani na mfano unaoanza kazi jijini. Sidhani ripoti ile peke yake ingefua dafu. Ripoti kali zilikuwa zimewahi kutoka na kuwekwa kabatini.

Dakika 45

Mpango wa kitaifa uliandikwa mwaka huohuo wa 2010 na mamlaka za mikoa zikapewa kazi ya kuutekeleza. Kila mtandao ulihudumia watu milioni mbili hadi tatu hivi. Katikati kuna kituo kikuu chenye upasuaji wa ubongo, wa kifua, wa mishipa ya damu, wa mifupa na wa kurekebisha ngozi, vyote ndani ya eneo moja, saa 24, pamoja na bingwa anayeongoza timu akiwa ndani ya jengo. Kukizunguka kuna hospitali saidizi, ambazo zina idara ya dharura na upasuaji lakini hazina utaalamu wote. Kisha kuna hospitali ambazo majeruhi mzito hapaswi kupelekwa kabisa.

Anayeamua ni mhudumu wa ambulensi, barabarani, mara nyingi gizani. Amepewa orodha ya kuchuja majeruhi yenye hatua kadhaa. Kwanza hali ya mwili: fahamu zimepungua, shinikizo la damu, kwa namba yake ya juu, limeshuka chini ya 90, au anapumua polepole mno au haraka mno. Pili majeraha yenyewe: kifua kilichobonyea, nyonga iliyovunjika, mifupa mirefu miwili iliyovunjika, kiungo kilichokatika, jeraha la kuchomwa kiwiliwilini. Tatu namna alivyoumia, kwa mfano kurushwa nje ya gari au kuanguka kutoka juu sana. Mwisho mambo yanayozidisha hatari, kama uzee na ujauzito. Akikidhi masharti, na kituo kikuu kiko ndani ya dakika 45 za mwendo, hospitali saidizi inapitwa.

Namba 45 ilipatikanaje? Kuna msemo maarufu wa saa ya dhahabu, unaohusishwa na R Adams Cowley wa Maryland, kwamba majeruhi ana dakika sitini. Ushahidi wa kuifanya sitini kuwa mpaka ni dhaifu. Anayevuja damu kutoka kwenye ini anaweza kufa ndani ya dakika kumi na tano, na mwenye mfupa wa paja uliovunjika anaweza kusubiri kutwa. Dakika 45 ni maafikiano ya wapangaji: ni muda ambao sehemu kubwa ya wakazi wa nchi wanaweza kufika kituo kikuu kwa barabara, na mhudumu mwenye vifaa vya kawaida anaweza kumtunza mtu njiani. Sioni kasoro katika hilo, ilimradi isigeuzwe sayansi.

Kwa sababu ramani haikubali. Kituo kikuu cha mashariki ni Addenbrooke's, Cambridge. Norwich, jiji lenye hospitali kubwa, liko kama kilomita 100 kutoka hapo. Ncha ya Cornwall iko mbali zaidi na kituo chake, kilicho Plymouth. Sehemu kubwa ya Cumbria ni milima na barabara nyembamba. Huko sheria inabadilika: majeruhi anapelekwa hospitali saidizi, anazuiwa damu, anafunguliwa njia ya hewa, kisha anahamishwa haraka. Helikopta husaidia, lakini helikopta za wagonjwa za England huendeshwa na mashirika ya hisani, na wakati ule nyingi hazikuwa zikiruka usiku. Mpango wa taifa ukaegemea michango ya wananchi katika maeneo yaleyale ambako barabara hazitoshi.

Hata ndani ya dakika 45 kuna sharti la kusimama: kama njia ya hewa haiwezi kufunguliwa, au damu haiwezi kuzuiwa kwa mikono, ambulensi inaingia mlango wa karibu.

Mlango usiokataa

Amri ya kupita hospitali ingebaki karatasi kama Stoke ilivyobaki. Ilipewa nguvu na masharti mengine matatu, na hapa ndipo naona ustadi wa mpango huu.

Kituo kikuu hakina haki ya kusema kimejaa. Hospitali saidizi ikipiga simu, mgonjwa anakubaliwa papo hapo na mazungumzo ya kitanda yanafuata akiwa njiani. Hili liliondoa yale masaa ya kubembeleza ambayo uchunguzi wa 1988 na wa 2007 uliyalalamikia. Ili mlango usiokataa usizibe, likawekwa sharti la kurudisha: mgonjwa akishavuka hatari, hospitali ya nyumbani kwao inapaswa kumpokea ndani ya siku chache. Kwa nadharia wagonjwa wanaingia na kutoka.

Fedha zikafuata. Kuanzia Aprili 2012 kituo kikuu kilipata malipo ya ziada kwa kila majeruhi mzito, lakini kwa masharti. Bingwa awe amempokea. Mpango wa utengamao, yaani wa kumrejeshea mgonjwa uwezo wake, uwe umeandikwa. Aliyeongezewa damu awe amepewa traneksamiki asidi, dawa inayosaidia kuzuia damu kuvuja, ndani ya saa tatu tangu alipoumia. Na taarifa zake ziwe zimefika kwenye rejista ya kitaifa ya majeruhi kwa wakati.

Sharti la dawa linastahili maelezo. Mwaka 2010 jaribio liitwalo CRASH-2, lililohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40, lilionyesha kwamba dawa hii ya bei nafuu ilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Mwaka uliofuata uchambuzi zaidi ukaonyesha kwamba faida hupatikana ndani ya saa tatu, na baada ya hapo dawa inaweza kudhuru. Kwa kawaida ugunduzi wa namna hiyo huchukua miaka mingi kufika wodini. Hapa ulifungwa kwenye malipo ndani ya miaka miwili, na hospitali zikaanza kuitoa.

Rejista ndiyo iliyoshika yote. Ilikuwepo Manchester tangu mwisho wa miaka ya 1980, lakini wakaguzi walikuta hospitali karibu nne kati ya kumi hazipeleki taarifa. Baada ya fedha kufungwa nayo, vituo vikuu vikaajiri watu wa kuijaza. Kila jeraha hupewa alama kulingana na uzito wake. Alama za juu za sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi huzidishwa kila moja kwa yenyewe, kisha hujumlishwa. Mwenye alama 4 kichwani, 3 kifuani na 3 mguuni ana 16 na 9 na 9, yaani 34. Anayezidi 15 huhesabiwa kuwa na majeraha makubwa. Kwa alama hizo, pamoja na umri na hali aliyofika nayo, hukadiriwa nani alitarajiwa kupona, na hospitali hupimwa kwa tofauti kati ya waliotarajiwa na waliopona kweli.

Hesabu ilivyotoka

Mwaka 2018 uchambuzi wa majeruhi zaidi ya 110,000 waliotibiwa kati ya 2008 na 2017 ulionyesha kwamba uwiano wa kupona, baada ya kuzingatia tofauti za wagonjwa, ulikuwa umepanda kwa asilimia 19. NHS ilitafsiri hilo kuwa watu 1,600 zaidi waliookolewa tangu mitandao ianze.

Ni mafanikio makubwa, ingawa hayafikii wale 450 hadi 600 kwa mwaka waliokadiriwa na wakaguzi. Pia si rahisi kusema yote yametokana na mtandao. Miaka hiyohiyo dawa mpya ilienea, na namna ya kuongeza damu ilibadilika kutokana na uzoefu wa vita vya Iraq na Afghanistan, ambavyo majeruhi wake wa Uingereza walitibiwa Birmingham. Rejista yenyewe ilibadilika: hospitali inayolipwa kwa kuandikisha huandikisha zaidi, na hupiga picha za mwili mzima zaidi, hivyo huyaona majeraha ambayo zamani yangepita. Marekebisho ya takwimu hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa ukipanda hatua kwa hatua, na sioni maelezo mengine yanayotosha bila kuuhusisha mtandao. Stoke, kwa taarifa yako, sasa ni mojawapo ya vituo vikuu.

Mpango una mpaka wake pia. Usiku wa shambulio la bomu la Manchester, Mei 2017, watu 22 waliuawa na majeruhi wengi wakagawanywa katika hospitali za kanda hiyo. Uchunguzi rasmi uliofuata ulielekeza lawama kubwa kwenye eneo la tukio, ambako vikosi vya uokoaji vilichelewa kuwafikia walioumia. Mtandao wa hospitali unaanza kazi pale mtu anapopakiwa garini.

Mgonjwa ambaye mpango haukumtarajia

Waliochora mpango walikuwa na picha ya majeruhi vichwani mwao: kijana wa kiume, pikipiki, barabara kuu, Ijumaa usiku. Picha hiyo ilikuwa ya kweli mwaka 1990. Uchambuzi wa rejista uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba kati ya 1990 na 2013 wastani wa umri wa majeruhi mzito ulipanda kutoka miaka 36.1 hadi 53.8. Mwaka 1990 ajali za barabarani zilikuwa asilimia 59.1 ya visababishi, na kuanguka kutoka kimo kisichozidi mita mbili asilimia 4.7. Kufikia 2013 kuanguka huko kulikuwa asilimia 39.1, na ndiko kulikoongoza.

Sehemu ya badiliko hilo ni picha za CT tu (zile za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili), kwa maana wazee walikuwa wakianguka siku zote na damu ya ndani ya fuvu haikuonekana. Lakini mgonjwa huyo yupo, na orodha ya kuchuja haimwoni. Ana miaka 80, ameanguka akitoka kitandani. Namna alivyoumia haimtii mtu wasiwasi. Shinikizo lake ni 110, ambalo kwa kijana ni zuri, ila yeye kawaida yake ni 160, hivyo tayari ameishiwa damu. Moyo hauendi mbio kwa sababu anameza dawa za kuutuliza. Ubongo umesinyaa kwa umri, kwa hiyo damu ina nafasi ya kujikusanya saa kadhaa kabla ya fahamu kupungua. Pengine anatumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda. Anapelekwa hospitali ya karibu, anawekwa kwenye foleni, anaonwa na daktari kijana. Ripoti ya rejista ya 2017 kuhusu wazee ilieleza karibu hivyo: hawakutambuliwa mapema, walisubiri picha kwa muda mrefu zaidi, na wachache walionwa kwanza na bingwa.

Dawa inayopendekezwa haraka ni kushusha kizingiti cha orodha. Mwongozo wa Marekani wa 2011 ulishasema kwamba kwa mwenye zaidi ya miaka 65 shinikizo chini ya 110 linaweza kuwa dalili ya kuishiwa damu. Nakubaliana na kizingiti hicho kama kengele ya kumwita bingwa. Sikubaliani nacho kama tiketi ya kwenda kituo kikuu. Ukiwapeleka huko wazee wote wanaoanguka, mlango usiokataa utaziba ndani ya wiki, na wengi wao hawatapasuliwa. Wanachohitaji ni picha ya mapema, dawa ya kurudisha uwezo wa damu kuganda, kutuliza maumivu ya mbavu ili wapumue, na daktari wa wazee. Hayo yote yanawezekana katika hospitali saidizi ikiwa ina watu. Tatizo ni kwamba malipo ya ziada ya 2012 yalikwenda kwenye vituo vikuu. Hospitali saidizi, ambako mgonjwa huyu analala, iliachiwa kazi bila kichocheo. Baadaye masharti yaliongezwa ili mzee apimwe na daktari wa wazee ndani ya saa 72, nayo yakawekwa kwenye malipo yaleyale ya kituo kikuu.

Njia ya kurudi

Sharti la kurudisha wagonjwa ndilo lililolegea zaidi. Hospitali ya nyumbani husema haina kitanda, na haina adhabu inayofanana na ile ya kituo kikuu kukataa. Mgonjwa aliyevuka hatari anabaki kwenye kitanda ambacho mwingine anakihitaji. Mpango wa utengamao umeandikwa, kwa sababu bila karatasi hiyo malipo hayatoki. Mahali pa kuutekeleza ndipo pachache, hasa kwa walioumia ubongo na uti wa mgongo. Malipo yalifungwa kwenye maandishi ya mpango, na maandishi yakapatikana. Wapangaji walipima kupona kwa kuhesabu walio hai, kwa sababu hilo linahesabika kirahisi, na huduma iliyokua ni ile inayoonekana kwenye hesabu hiyo. Mtu aliyerudi kazini na mtu asiyeweza kujilisha wote waliandikwa kuwa wamepona.

Kisha Juni 2023 Chuo Kikuu cha Manchester, kilichohifadhi rejista, kilishambuliwa na wadukuzi, na rejista ikazimwa. NHS iliamua kujenga yake mpya, iliyoanza 2024. Katikati hapo mitandao iliendelea kupokea majeruhi bila kipimo cha kitaifa cha kuilinganisha, wakati uleule ambapo swali la wazee na hospitali saidizi lilihitaji namba mpya za kila mwezi.